Ng'ombe aliyemo ndani ya «ruminate»

Ukilitafuta neno la Kiingereza «ruminate» katika kamusi, aghalabu utapewa jibu moja: tafakari. Si uongo, ila neno hili lina ng'ombe ndani yake, na ukimtoa ng'ombe huyo maana inapwaya.

Asili yake ni Kilatini: «ruminare», yaani kucheua, kutokana na «rumen», koo. Warumi wenyewe walikwishalitumia kwa mambo ya fikra, na Waingereza walipolichukua katika karne ya 16 lilikuja na maana zote mbili.

Mtazame ng'ombe wa gari akishafunguliwa mchana na kulala chini ya mwembe. Kitu kitapanda shingoni kwa ndani: hilo ni donge la majani aliyoyameza mbiombio asubuhi. Taya linakwenda upande upande, mara hamsini hivi, kama dakika nzima. Anameza, anatulia kidogo, linapanda donge jingine. Kwa siku kazi hiyo huweza kufika saa nane. (Punda aliyefungwa pembeni hana habari, akimeza kameza.)

Basi «ruminate» ni kukirejesha ulichokwisha kukimeza. Maneno ya barazani jana, leo unayarudia tena moyoni. «Ponder» ni jingine: limetokana na «pondus», uzito, na hapo unapima kama karafuu mizanini. Kwa hiyo «pima» hulifaa «ponder», na kwa «ruminate» naona «rudiarudia moyoni» ni bora kuliko tafakari. Kwa Kiingereza husindikizwa na «on», «over» au «about».

Wafasiri huharibu zaidi kwenye saikolojia. Huko «rumination» ni mtu kuganda na wazo lile lile linalomuumiza, bila kufika popote. Ukiandika katika karatasi ya afya «punguza kutafakari», msomaji wa Unguja au Pemba atashangaa, maana kwetu tafakuri ni jambo la kusifiwa, na hata msikitini watu huhimizwa. Andika «kuzongwa na mawazo». Donge la ng'ombe hatimaye hushuka tumbo jingine. La huyu halishuki.

Halafu angalia mwisho wa neno. «Ruminant» kwa kawaida si mtu mwenye fikra nyingi: ni mnyama anayecheua, ng'ombe, mbuzi au kondoo.