Sita za Mstari

Juzi mwanangu mdogo alinijia na kigari chake mkononi. Ni Supra, lile gari la kasi la Toyota, nyekundu ya chuma, haizidi urefu wa kidole cha shahada, na boneti yake inafunguka ukiinyanyua kwa ukucha.

"Baba, shuleni wanasema hii siyo Toyota. Eti ni BMW, imeandikwa Toyota tu. Kweli?"

Jibu ninalo. Ninalo tangu Jumatatu ya tarehe 14 Januari 2019, na juzi likanikwama kooni. Nikamwambia akanawe mikono, chakula tayari.

Gereji ya Mjomba ilikuwa pale pale Ilala, chini ya mwarobaini, na Cresta ya kubebea maharusi ilikuwa bado haijauzwa. Siku hiyo kazi haikufanyika. Fundi umeme aliacha nyaya za watu zikining'inia, kijana wa rangi alinawa mikono mapema, na bando tukalichangia. Simu ya binamu yangu ikaegemezwa kwenye boksi la spana, tukaizunguka watu saba. Huko Detroit, Marekani, kwenye ukumbi wa Cobo, ambako Toyota walikuwa wanaizindua Supra mpya, ilikuwa asubuhi ya baridi. Kwetu jua lilikuwa linashukia upande wa Buguruni na fulana zimetuganda mgongoni.

Mtu ambaye hakukulia gereji hawezi kuelewa tulikuwa tunasubiri nini. Supra iliyotangulia, A80, ilitoka 1993 na ikaacha kutengenezwa 2002. Miaka 17 hakuna kitu. Mwaka 2014 Toyota walionyesha hapo hapo Detroit gari la majaribio, FT-1, na tangu siku ile tulikuwa tunaishi kwa picha za kuibia na tetesi. Mimi A80 sijawahi kuiendesha. Picha yake, nyeupe, yenye bawa refu nyuma, niliibandika ukutani nikiwa kidato cha pili, na nimehama nayo vyumba vitatu.

Lakini injini yake niliijua kwa mikono. Inaitwa 2JZ, na haikukaa kwenye Supra peke yake, ilikuwamo na kwenye Aristo, Toyota nyingine, na Aristo zilifika Dar. Moja iliishia pale kwetu baada ya kugonga nguzo. Bodi ikaenda vipande vipande Shaurimoyo, injini Mjomba akakataa kuiuza. Ilikaa juu ya tairi mbili, imefunikwa turubai: lita 3, turbo mbili, silinda sita zilizopangana mstari mmoja, bloku ya chuma kizito. Watu duniani wameiongezea nguvu mara mbili ya ile iliyotoka nayo kiwandani, na pistoni zikiwa zile zile. Kila baada ya muda Mjomba aliifunua, akaipangusa na kuipaka oili, akaifunika. Hiyo ndiyo injini niliyofundishiwa kazi.

Akatokea Akio Toyoda mwenyewe, mjukuu wa mwanzilishi wa kampuni. Picha ikakwama. Ikarudi, na gari likawa limeshafunuliwa. Tulipiga kelele mpaka muuza kahawa akatua birika lake akaja kutazama. Mapaa mawili yaliyobonyea katikati, makalio mapana, pua ndefu. Nilihisi machozi, nasema kweli.

Furaha ile haikumaliza robo saa. Binamu alishika simu nyingine akawa anatusomea maelezo kadiri yalivyokuwa yakiingia, na kila sentensi ilikuwa kofi. Injini ni ya BMW. Gia boksi ni ya ZF, kampuni ya Ujerumani, otomatiki ya gia 8. Klachi haimo, padeli mbili tu. Gari linaunganishwa Graz, Austria, kiwanda kimoja na BMW Z4, na Z4 ndiyo pacha wake. Vitufe vya ndani, vya BMW. Bei huko Marekani inaanzia dola 49,990, yaani zaidi ya milioni 110 za kwetu kabla hata ya meli na ushuru.

"Tumepigwa," akasema kijana wa rangi.

Fundi umeme akasema bora wangeliacha jina lipumzike. Mmoja akasema atauza Altezza yake anunue bodaboda. Walikuwa wanasema yale yale yaliyokuwa yakisemwa Tokyo, London na Los Angeles dakika ile ile, na mimi, niliyekuwa nimeumia kuliko wote, nikasimama nikasema kwa sauti:

"Hiyo si Supra. Hiyo ni mtoto wa nje, amebandikwa jina la watu."

Hakuna aliyecheka. Pale gerejini kila mtu alijua mimi nimezaliwa vipi, na jina ninalotumia nimelipataje, na nani aliyenisomesha. Neno lilikuwa langu, hakuna aliyenitegea. Binamu alipunguza sauti ya simu. Na miguu ya Mjomba ilikuwa inaonekana chini ya Noah, hatua tatu kutoka tuliposimama, imeacha kutikisika.

Akatoka taratibu, mgongo kwanza, kama atokavyo siku zote. Akaokota tambara, akalitia petroli kidogo, akafuta kidole kimoja kimoja. Alichukua muda mrefu kwenye kidole gumba cha kushoto, kile chenye kovu la feni ya Hiace. Kisha akasema:

"Leteni hiyo simu. Injini iko wapi?"

Binamu akamwonyesha. Mjomba akaitazama, akakunja sura.

"Hii ni kofia ya plastiki. Nitafutieni ikiwa haina kofia."

Haikuwa kazi ngumu, maana injini yenyewe, B58, ilikuwa kwenye magari ya BMW tangu 2015 na mafundi wa huko walishaipiga picha kila upande. Mjomba akaishika simu kwa mikono miwili. Akaikuza picha kwa kidole kidogo cha mwisho, kwa sababu ndicho kilichokuwa kisafi. Akaanza kuhesabu koili za plagi, anagusa kioo kila moja, midomo ikicheza bila sauti. Alipofika mwisho akarudia kutoka upande wa pili.

"Sita," akasema. "Za mstari."

Akaenda mpaka kwenye 2JZ, akavuta turubai, akailaza ile simu juu ya kava la valvu. Zikawa pamoja, moja ya chuma, moja ya kioo.

"Soma vipimo."

"Kipenyo milimita 82," binamu akasoma. "Pistoni inatembea 94.6."

"Hii 86 kwa 86, sawasawa. Hiyo ndefu. Itavuta vizuri toka chini. Bloku?"

"Aluminiamu."

Akachukua spana ya 14, akaigonga 2JZ ubavuni mara moja. Ilitoa sauti fupi, nzito, sauti isiyosafiri. Akasikiliza mpaka ikaisha.

"Taimingi?"

"Cheni. Ipo nyuma, upande wa gia boksi."

Hapo alivuta pumzi. "Hapo wamemwonea fundi. Siku cheni ikianza kulia, mtashusha gari zima kuifikia." Akanyamaza kidogo. "Magurudumu yapi yanasukuma?"

"Ya nyuma."

"Basi." Akaanza kuivuta turubai irudi. "Sita za mstari, nguvu nyuma. Ndivyo walivyoianza 1978. Toyota za dizeli anazo mpaka leo, 1HZ ya Land Cruiser, lakini za petroli hana tena. Alikuwa na mambo mawili: aache, au akabishe hodi kwa jirani. Amebisha hodi." Turubai ilikuwa imenasa kwenye pembe ya turbo. "Mwanangu, nishikie upande huo."

Mjomba huniita mjomba, kama nimwitavyo. Tangu nina akili ndivyo tunavyoitana. Siku ile aliniita mwanangu, mara moja, nikiwa nimeshika ncha ya turubai, na hakunitazama. Adhana ya magharibi ikaanza. Akaenda bombani kutawadha, nami nikabaki nimesimama na kitambaa kile mkononi mpaka vijana wakaanza kufunga makabati.

Yaliyofuata mnayajua. Ubishi uliendelea kwa miezi. Wiki ile ile Supra ya kwanza ikapigwa mnada Marekani kwa ajili ya hisani, dola milioni 2.1. Mwaka 2022 Toyota wakasikia kilio wakaileta yenye klachi, gia 6, na nilimpigia Mjomba simu usiku kumwambia. Akaniuliza, "Cheni wameihamisha?" Nikasema hapana. Akasema, "Haya."

Kitu ambacho sijakijua mpaka leo ni kama alilisikia neno lile. Kompresa ilikuwa imezimwa. Hatua tatu. Miguu iliacha kutikisika. Lakini Mjomba ni mtu wa injini, na wakati tunapiga kelele za nguvu farasi na vitufe, inawezekana kabisa kwamba yeye alikuwa anasubiri tu mtu amwambie silinda ngapi. Nimejaribu kumuuliza mara mbili. Ya kwanza tulikuwa msibani, haikufaa. Ya pili nilifika mpaka kwenye sentensi, nikaishia kumuuliza habari za gasketi.

Na sijui kama nilibadilika maoni kuhusu gari lenyewe. Bado naamini Toyota wangeweza kutumia pesa zao na muda wao kuunda injini yao. Bado picha ya A80 ipo ukutani. Lakini tangu jioni ile siwezi kuisikia hoja ya "siyo Toyota halisi" bila kuhisi joto masikioni, na nikiwa kwenye baraza la watu wa magari huwa nanyamaza hapo, wao wananidhania nimeshindwa.

Mwanangu alirudi na mikono inayotona maji. "Hujanijibu, Baba."

Nikamwambia afungue boneti. Akainyanyua kwa ukucha, akaisogeza chini ya taa. Ndani kuna kipande cha plastiki nyeusi chenye mistari midogo midogo. Akaanza kuhesabu kwa ncha ya kijiti cha kiberiti, akapotea, akaanza tena.

"Baba, haionekani vizuri. Ni nne au sita?"

Nikaitazama na mimi. Haionekani. Nikamwambia Jumamosi tutaenda Ilala, tukamwulize babu yake. Kigari ameshakiweka kwenye mfuko wa shati atakalovaa siku hiyo.