JuJu Akae Nje Mpaka Goti Lipone

Kila picha mpya ya JuJu Watkins ikitoka, macho ya mashabiki yanakwenda gotini kabla ya usoni. Amevaa kitu cha kubana goti au hajavaa? Akinyanyuka kwenye benchi kuwapigia wenzake makofi, uzito anautupia mguu gani? Mimi pia hufanya hivyo. Nitaikuza picha mpaka ipoteze sura, nikitafuta kama paja la kulia limeanza kulingana na la kushoto.

Kwa asiyemfuatilia: ni mchezaji wa mpira wa kikapu, binti wa Watts, Los Angeles, aliyeamua kubaki kwao akaichezea USC, chuo kikuu cha jiji hilo hilo. Msimu wake wa kwanza, 2023-24, alifunga pointi 920, na hakuna mwanamke wa mwaka wa kwanza katika daraja la juu la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, aliyewahi kufika hapo. Pointi 51 kati ya hizo alizifunga usiku mmoja ugenini kwa Stanford. Nilimpenda kwa namna anavyosimama ghafla akiwa mbioni, mlinzi anampita, yeye ananyanyuka na kutupa kana kwamba ana siku nzima.

Ni katika mwendo wa namna hiyo ndipo alipoumia. Tarehe 24 Machi 2025, raundi ya pili ya mashindano ya taifa ya vyuo, Galen Center, uwanja wa USC, dhidi ya Mississippi State. Robo ya kwanza ilikuwa haijaisha. Alikuwa anakimbiza mpira kwenda mbele, walinzi wawili wakambana, goti la kulia likakunjika. Alitolewa amebebwa. Timu ilishinda 96-59 usiku ule na Kiki Iriafen akafunga 36, lakini hakuna ninayemjua aliyeshangilia kwa moyo wote. Ilikuwa ACL, ile ligamenti ya katikati ya goti inayozuia mfupa wa chini usiteleze mbele. Siku chache baadaye UConn, Chuo Kikuu cha Connecticut, wakawatoa 78-64. Septemba, JuJu akatangaza kwamba msimu wa 2025-26 hatacheza kabisa.

Machi nililia. Lakini tangazo la Septemba lilinipa nafuu, na tangu hapo nimejikuta nabishana na mashabiki wenzangu wanaohesabu miezi kwa vidole: upasuaji, jumlisha tisa, haya, Januari au Februari angeweza kurudi, timu ingempata kwa ajili ya mashindano ya taifa ya Machi. Hesabu hiyo inaniogopesha.

Nilikuwa nacheza namba moja, yule anayeuleta mpira na kuipanga timu, na goti langu lilikatika namna hiyo. Hakuna aliyenigusa. Nilisimama, nikageuka, mguu ukabaki nyuma. Maumivu yenyewe yalipungua mapema kuliko nilivyodhani. Kilichokaa ni ile hali ya goti kucheza nikishuka ngazi, kama mlango uliolegea bawaba. Baada ya upasuaji ilifika wakati nikaweza kukimbia moja kwa moja bila kuchechemea, na kila aliyeniona akasema nimepona. Mtaalamu wa fiziotherapia akaniambia niruke kwa mguu mmoja, kwanza ule mzima, halafu ule mwingine. Tofauti ilikuwa ya kuaibisha. Kwa macho ya mtu aliyekaa jukwaani nilikuwa mzima. Kwa mpaka wa chaki sakafuni sikuwa hata karibu.

Jambo hili halionekani kwenye picha. Daktari hashoni ligamenti iliyokatika ikarudi kama zamani. Mara nyingi anachukua kipande cha kano kutoka mahali pengine, mbele ya goti au nyuma ya paja, na kukipachika humo. Kipande hicho hakiingii na mishipa yake ya damu. Mwili unapaswa kukijaza upya taratibu, na katika miezi ya mwanzo kinakuwa dhaifu kuliko kilivyokuwa siku ya kuwekwa, wakati ule ule mgonjwa anapoanza kujisikia vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na wataalamu wa Norway na Marekani ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja mchezaji anaochelewesha kurudi, mpaka mwezi wa tisa, hatari ya kuumia tena inashuka kwa karibu nusu. Baada ya hapo bado kuna suala la nguvu za paja, ambazo wataalamu wengi hutaka zifikie angalau asilimia 90 za mguu mzima. Kwa wanamichezo vijana wanaorudi uwanjani, takribani mmoja kati ya wanne huumia ACL tena, goti lile lile au la pili. La pili! Watu husahau kwamba mguu mzima nao unabeba deni la ule mgonjwa.

Na wasichana ndio wanaoumia zaidi. Katika michezo ya kuruka na kugeuka, wanawake hukatika ACL mara kadhaa zaidi ya wanaume. Sababu zinazotajwa ni nyingi: umbo la nyonga, homoni, namna ya kutua. Mimi naongeza moja ambayo mtu yeyote aliyekulia kwenye timu za wasichana anaijua: wavulana wanapelekwa kwenye vyuma mapema, sisi tunaambiwa tukimbie mizunguko. Mazoezi maalumu ya kutua na kuimarisha misuli yakifanywa kwa uaminifu hupunguza majeraha haya kwa kiasi kikubwa. Inaniuma kwamba wengi wetu tunafundishwa mazoezi hayo baada ya upasuaji.

Wanaosema nina woga kupita kiasi nawarudisha kwa Azzi Fudd wa UConn. Goti lake la kulia lilikatika ACL mwaka 2019 akiwa bado sekondari. Desemba 2022 akaumia goti hilo hilo katika mechi na Notre Dame, akarudi Januari, na katika mechi dhidi ya Georgetown akaumia tena. Novemba 2023 ACL ikakatika mara ya pili, mazoezini, baada ya mechi mbili tu za msimu. Nakumbuka mashabiki wakiandika kwamba basi, amekwisha. Safari ile alikaa mwaka mzima. Aprili 2025, Tampa, alifunga pointi 24 katika fainali, UConn wakaipiga South Carolina 82-59, na yeye ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa hatua ile.

Mwenzake Paige Bueckers alivunjika mfupa chini ya goti la kushoto Desemba 2021, akarudi Februari, akaifikisha timu fainali. Agosti 2022 ACL ya goti hilo hilo ikakatika. Sisemi la kwanza lilizaa la pili. Hilo ni la madaktari wake. Ninachosema ni kwamba baada ya ACL hakuharakishwa: alikosa msimu wote wa 2022-23, kisha akacheza mechi zote 39 za uliofuata, na Aprili 2025 akawa chaguo la kwanza la WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani.

JuJu anatimiza miaka 22 Julai 2027. Kuna muda. Msimu aliokaa nje hauliwi na mtu. Kwa kanuni za wakati alipoumia, mchezaji wa chuo alikuwa na miaka mitano ya kucheza misimu minne. Kocha Lindsay Gottlieb amepoteza pointi karibu 24 kwa mechi, na hakuna anayedai hilo ni dogo. Lakini shabiki anayemwandikia binti wa miaka ishirini na ushei "tunakuhitaji Machi" ajue kwamba maneno hayo yanafika, na yanamfika akiwa chumba cha mazoezi, saa ambayo goti limevimba na hakuna kamera.

Siku atakaporudi sitaangalia pointi. Nitaangalia kama anatua kwa miguu yote miwili baada ya rebaundi, akiudaka mpira uliokosa kikapu, au anaukwepesha wa kulia. Nitaangalia kama akikimbia kwa kasi anasimama kwa mguu ule bila kuongeza hatua ndogo ya pembeni, ile hatua ya mtu asiyeliamini goti lake. Nitahesabu dakika, na kama Gottlieb atampa 15 tu wakati timu iko nyuma kwa pointi nne, nitapiga makofi.