Mtoto 1 kati ya 20,000, lakini 20,000 gani?

Kuna tarakimu inayonikera kila ninapoikuta imeandikwa peke yake: mtoto 1 kati ya 20,000. Ndivyo vitabu vingi vinavyoutaja ugonjwa wa kurithi wa vivimbe vya maji kwenye figo, ile aina ya utotoni ambayo madaktari huiandika kwa kifupi ARPKD. Tarakimu yenyewe haina uongo. Ila mzazi akiisoma, anajibiwa swali ambalo hakuuliza.

Hao 20,000 ni watoto wanaozaliwa. Ukiwahesabu watu walio hai utapata kitu kingine, maana takriban asilimia 30 ya wenye ugonjwa huu hufariki ndani ya mwezi wa kwanza, na mara nyingi kinachowaua ni mapafu. Figo za mtoto aliye tumboni zisipotoa mkojo wa kutosha, maji ya uzazi hupungua. Maji yakipungua, mapafu hayakui inavyotakiwa. Mtoto akifariki saa chache baada ya kuzaliwa, na maiti isichunguzwe, huandikwa kwamba alishindwa kupumua, basi. Hesabu imeshampita. Tena wapo wanaofika ujana figo zikijikongoja, hadi siku wanapotapika damu kwa sababu ya makovu ya ini, ambayo ni sehemu ya ugonjwa huuhuu. Hao nao huishia kwenye daftari la wagonjwa wa ini. Kwa hiyo mimi huisoma tarakimu hiyo kama makadirio tu.

Hata hivyo ina faida moja kubwa: inatuonyesha wabebaji, yaani watu wenye nakala moja mbovu ya jeni ambao wenyewe hawaugui. Jeni inayohusika, PKHD1, ilitambuliwa mwaka 2002, na mtoto huugua akirithi nakala mbovu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Kipeuo cha pili cha 20,000 ni kama 141, yaani nakala 1 kati ya 141 ni mbovu. Kila mtu ana nakala mbili, hivyo mbebaji ni takriban mtu 1 kati ya 70. Hakiki mwenyewe: 1/70 mara 1/70 mara 1/4 ni 1/19,600. Ugonjwa ni adimu. Kuubeba si adimu hata kidogo.

Wastani nao hufunika tofauti za mahali. Ugonjwa mwingine wa figo wa kuzaliwa nao, ule unaomwaga protini kwenye mkojo tangu tumboni, huko Finland humpata mtoto 1 hivi kati ya 8,000, kwa sababu mabadiliko mawili ya jeni ya NPHS1 yalienea kutoka kwa mababu wachache. Kwingineko ni adimu zaidi.

Kwa wazazi ambao tayari wana mtoto mwenye ARPKD, 20,000 hizo zisahaulike kabisa. Kila mimba yao ina uwezekano wa 1 kati ya 4, hata kama watatu wa mwanzo walizaliwa wazima. Ndugu mzima wa mgonjwa ana uwezekano wa 2/3 wa kuwa mbebaji. Akizaa na mtu asiye na udugu naye, hesabu ni 2/3 mara 1/70 mara 1/4, yaani 1 kati ya 420. Akizaa na binamu yake wa kwanza, hiyo 1/70 inakuwa 1/4, na jibu linaruka hadi 1 kati ya 24. Hapo ndipo ushauri wa vinasaba unapohitajika, kabla ya mimba.

Ushauri huo hukwama kwa jambo dogo: sampuli haikuwekwa. Mtoto akiwa mahututi, mililita 2 au 3 za damu kwenye chupa ya EDTA (kemikali inayozuia damu kuganda) zinatosha kutafuta mabadiliko yote mawili ya jeni. Zisipochukuliwa, itabidi kuwapima wazazi wote wawili na kukisia. Mabadiliko hayo yakijulikana, mimba ijayo inaweza kupimwa kwa kipande kidogo cha kondo kuanzia wiki ya 11. Ultrasaundi pekee haitoshi: figo kubwa zinazong'aa mara nyingi huonekana baada ya wiki ya 20, kwa hiyo picha safi ya wiki ya 18 haimwondoi mtoto kwenye hatari. Na wazazi wapigwe ultrasaundi ya figo zao pia, kwani aina ya watu wazima, iliyo ya kawaida zaidi, huweza kujitokeza utotoni ikafanana sana na hii. Mzazi akiwa chini ya miaka 30, vivimbe vyake huenda havijaanza kuonekana. Kipimo kisafi cha umri huo kisichukuliwe kuwa jibu la mwisho.