Ukuta wa Bahari

Kabla ya kutia mguu Mumbai nilikuwa nikiamini kwamba mji ule naujua. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kutoka nje ya visiwa hivi vya Zanzibar, akiimba nyimbo za Kihindi tangu mwanzo hadi mwisho bila ya kufahamu maana yake, kwa kuwa alizipata katika sinema ya Majestic pale Vuga, siku za maonyesho ya wanawake peke yao. Mimi nilizikuta filamu zile zile katika kanda za video, sebuleni kwetu, na kutokana nazo nikajichorea ramani yangu ya Mumbai.

Safari yenyewe ilipokuja haikuwa ya sinema. Nilimsindikiza mama kwenye matibabu, na baina ya miadi moja na nyengine tulikuwa na siku nyingi za kungoja. Daktari alimtaka atembee kidogo kila jioni, nami nikampeleka Marine Drive, barabara inayopinda na bahari kwa zaidi ya kilomita tatu, ambayo taa zake za usiku huonekana kama mkufu.

Hapo ndipo ramani yangu iliponivunjikia. Katika filamu, kijana humkimbilia mchumba wake kutoka Gateway of India, na kufumba na kufumbua wamekaa juu ya ukuta wa Marine Drive. Kumbe sehemu hizo zimepeana mgongo, kila moja upande wake wa rasi, na kati yake umejaa mji mzima. Mama, aliyekuwa akipumzika kila baada ya hatua chache, asingeweza kufika kwa miguu. Mhariri alikata filamu mahali pamoja akaiunga na mahali pengine, na jicho langu, lililozoea picha 24 kwa sekunde, halikuwahi kuuliza kilichoachwa katikati.

Sikuona kwamba nimedanganywa. Niliona kwamba kile kinachokatwa ndicho safari: foleni, vyeti, joto la teksi, mkono wa mama ukinielemea begani. Tangu hapo nawaelewa wageni wanaosimama Forodhani wakauliza njia ya kwenda kwa miguu hadi ufukwe wa Nungwi, ilhali ni mwendo wa takriban kilomita 60. Nawaelewa pia watu wetu wanaojaa Ngome Kongwe wakati wa tamasha la filamu lililoanza mwaka 1998, ambao wakimwona mhusika akiingia kichochoro cha Shangani na kutokea Malindi kwa hatua mbili, hunong'ona kwa sauti ya kusikika kwamba njia hiyo haiko. Kwangu mnong'ono huo una thamani kubwa, kwani ni wa watu wanaoujua mji kwa nyayo zao.

Juzi usiku, nyumbani Wete, tulikuwa tukitazama filamu moja ya zamani, ukapita ule ukuta, bahari ikiupiga. Haikuchukua hata sekunde tano. Mama aliacha kuchambua mchele.

"Rejesha nyuma, mwanangu."

Nikarejesha. Akausogelea uso wa televisheni, akaweka kidole penye kona tupu ya picha, mbali na wale wapenzi wawili.

"Hapa ndipo uliponinunulia mahindi ya kuchoma."