Kisanduku cha 24

Jumamosi iliyopita binti yangu alikuwa akifuta vumbi sebuleni, akafika kwenye ile fremu iliyo juu ya televisheni, akasoma kwa makini kisha akaniuliza, "Baba, hapa wameandika kwamba ulitumikia jeshi kwa heshima. Nani aliwaambia?" Nikamjibu kwamba ni karani, naye akacheka akidhani namtania.

Sikuwa namtania. Siku ile ya mwaka 2014 karani alinigeuzia skrini niihakiki fomu yangu ya DD 214, yaani hati ya kuondoka katika jeshi la Marekani, nasi tukapoteza dakika kumi nzima tukiondoa herufi moja iliyozidi katika jina la babu yangu. Kisanduku cha 24, ambamo huandikwa namna mtu alivyotumikia, hatukukigusa kwa kuwa kilikwisha kujazwa. Nikatia sahihi.

Nilipokuwa nikitia sahihi hiyo niliona usiku mmoja wa mwaka 2012 mkoani Kandahar, Afghanistan, juu ya mnara wa lindo. Sikumbuki usingizi ulinichukua saa ngapi. Ninachokumbuka ni kuzinduka nikiwa nimeegemeza kidevu kwenye kitako cha bunduki, mate yakinitoka, na kumwona mwenzangu kutoka Texas, ambaye zamu haikuwa yake, amekaa juu ya magunia ya mchanga akitazama gizani kwa niaba yangu, kikombe cha kahawa aliyoniletea kikiwa kimepoa kando ya mguu wake. Redio ilikuwa imeuita mnara wetu mara mbili, na mara zote mbili aliitikia yeye. "Nimewaambia hakuna jipya," akanong'ona, akashuka ngazi. Kulala lindoni wakati wa vita ni kosa ambalo sheria ya jeshi la Marekani inaruhusu hata hukumu ya kifo.

Tuliporejea, yeye ndiye aliyekosa usingizi. Akaanza kuvuta bangi, akapimwa mkojo, na mwaka 2013 akaondolewa jeshini kwa hati isiyo ya heshima, akapoteza fedha za masomo ambazo mimi zilinisomesha uuguzi. Nilinyamaza. Uraia wangu, nilioapishwa katika kambi ya jeshi ya Fort Jackson mwaka 2010, ungeweza kufutwa endapo ningeondolewa vibaya kabla ya kutimiza miaka mitano. Hiyo ndiyo sababu ninayojipa, ingawa leo hakuna anayenitishia, na bado sijasema.

Bodi inayopitia hati hizo hupokea maombi ndani ya miaka 15 tangu mtu aondolewe, na yeye ameniomba barua ya ushahidi wa tabia yake. Nimeianza mara tatu. Ina jina lake, nililolihakiki herufi kwa herufi, cheo chake, na aya moja ndefu kuhusu ukarimu wake. Mnara bado haumo.