On Thorns I Lay na uzito wa mwendo wa polepole

Wiki hii nimesikiliza albamu za On Thorns I Lay kwa kufuata miaka yake, kuanzia ya kwanza ya mwaka 1995, na nimeridhika kwamba bendi hii ya Ugiriki ya metali, yaani roki nzito ya magitaa, ilikuwa nzito kuliko wakati wowote ilipoirudia njia iliyokuwa imeiacha kwa miaka mingi.

Aina yao ya metali, death doom, ilipata umaarufu Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa bendi kama Paradise Lost, My Dying Bride na Anathema, ambazo zilichukua sauti ya ngurumo ya death metal na kuipandisha juu ya mwendo wa polepole uliojaa majonzi. Nchini Ugiriki jina lililovuma zaidi wakati huo lilikuwa Rotting Christ, lenye mwelekeo mwingine kabisa. On Thorns I Lay walishika njia ya huzuni, na albamu zao Orama (1997) na Crystal Tears (1999) zilitolewa na Holy Records, kampuni ya muziki ya Ufaransa, iliyowatoa pia bendi za Septicflesh na Nightfall. Baadaye wakalainika. Kufikia Egocentric ya mwaka 2003 walikuwa wamesogea karibu na roki ya kigothi, yaani roki laini zaidi yenye hali ya giza, na ingawa nyimbo zile zina uzuri wake, kwangu mimi huzuni humo husimuliwa tu, haimshiki msikilizaji mwilini.

Ndiyo maana Aegean Sorrow ya mwaka 2018 imenigusa kiasi hiki. Nyuzi za magitaa zimelegezwa ili zitoe sauti nene ya chini, na kila pigo zito huachwa livume hadi likaribie kufifia ndipo la pili lije, kiasi kwamba sikio huanza kulingoja kwa hofu. Mpiga ngoma ninamheshimu kuliko wote, kwa sababu katika mwendo wa taratibu namna hii hakuna pa kujificha, na pigo likichelewa hata kidogo kila mtu atalisikia. Kisha huingia fidla, juu kabisa ya ngurumo hiyo, ikivuta noti moja ndefu wakati mwimbaji akiunguruma chini yake. Wengi hudhani kuunguruma ni kupiga kelele tu, kumbe ni ufundi wa pumzi: hewa husukumwa kwa nguvu za tumbo, na mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti hutetemeka pamoja nazo, hivyo sauti hutoka nene na yenye mikwaruzo. Fidla na ngurumo zinapokutana, sisikii mapambo na ukali vikishindana, nasikia ombolezo moja lenye koo mbili.

Threnos ya mwaka 2020 imepangwa kwa uangalifu zaidi, na huenda wapenzi wengi wakaiweka juu. Mimi bado naipendelea Aegean Sorrow, kwa kuwa humo nasikia watu waliofurahia kuwa wazito tena, na furaha hiyo, hata ikiwa ndani ya muziki wa msiba, ni vigumu kuifundisha studioni. Anayetaka kuwajua asianze na nyimbo fupi za kipindi cha katikati. Aanze na albamu hiyo, aisikilize yote kwa mfululizo, kisha arudi nyuma hadi Orama, ambako fikra hizihizi zilikuwa tayari zimekwisha kupandwa.