Vidole viwili juu ya tundu

Nikirudi nyumbani Tudor, hapa Mombasa, vidole vimekufa ganzi, mwanangu huniuliza, "Leo umebana wangapi?" Hajui katheta wala stenti, lakini ajua kuwa mamake hulipwa mshahara kwa kubana watu kinenani, na shuleni amelitangaza hilo bila haya.

Hakukosea sana. Daktari hupitisha mrija mwembamba, ndio katheta, kwenye ateri ya kinena au ya kifundo cha mkono hadi moyoni, akaitazama mishipa, akaizibua ikibidi, pengine akaacha stenti, kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa uwe wazi, akavua glavu akaenda zake kunywa chai. Tundu huniachia mimi.

Si tundu kubwa. Katheta ya namba 6 ina upana wa milimita 2, na ala, yaani mrija mfupi wa nje inamopitishiwa, ni pana kidogo zaidi ya hapo. Ila hiyo ni ateri, kila pigo la moyo lasukuma damu pale, na mgonjwa mwenyewe tumeshampa heparini ili damu isigande kazi ikiendelea. Yaani tumeizuia isigande mwili mzima, sasa twaibembeleza igande mahali pamoja tu.

Miezi yangu ya kwanza nilipewa mzee mmoja, mstaafu wa bandari, mcheshi. Nikachomoa ala, nikaweka shashi juu ya tundu, nikabana. Damu haikutoka hata tone. Nikajiona fundi. Baada ya dakika tano nikafunua kidogo nichungulie, na hapo ngozi ya kinena ikaanza kufura mbele ya macho yangu kama hamri likiingia mafutani. Damu ilikuwa yamwagika ndani kwa ndani, na mimi nimeuziba mlango wa nje.

Sista mkubwa hakunigombeza. Alinishika vidole, akavisogeza juu, upana wa vidole viwili kuelekea tumboni, akavikandamiza kwa kiganja chake. "Hapo. Wasikia?" Nikausikia mshipa ukipiga dhidi ya mfupa. Sindano huingia kwa mshazari, kama nyuzi 45, kwa hivyo tundu la ateri liko juu zaidi ya tundu la ngozi. Ukibana unapopaona, umebana pasipo.

Na huo mfupa si bahati. Daktari huchagua kudunga mbele ya kichwa cha mfupa wa paja ili baadaye pawe na cha kubania. Akidunga juu mno hakuna mfupa nyuma, na damu yaweza kukimbilia nyuma ya tumbo wakati bandeji ni kavu kabisa. Ndiyo maana mgonjwa akiniambia mgongo wamuuma, jambo la kwanza nipimalo ni presha. Damu ya kurukia aproni hainitishi. Nahofia ile nisiyoiona.

Basi twabana dakika 15 hadi 20. Mimi hesabu yangu ni dakika tatu kwa kila namba ya katheta, namba 6 ni 18. Mikono imenyooka, uzito wa mwili unashuka mabegani, na mara kwa mara napapasa mapigo juu ya wayo, maana ukibana kupita kiasi mguu nao hukosa damu. Wengine wakichomolewa ala hutoka jasho jembamba, moyo wapunguza mwendo, presha yaanguka. Sindano ya atropini, ya kuuharakisha moyo, huwa tayari pembeni. Na hakuna kuchungulia. Kuchungulia ni kuanza upya.

Ule mfuko wa mchanga wa zamani tumeuacha. Tafiti zimeonyesha haupunguzi kutoka damu, nao hufunika palepale napotaka kupaona.

Siku hizi wengi huingizwa kwa kifundo cha mkono. Ateri ya hapo ni ndogo, iko juu juu, na mfupa uko chini yake. Twamvisha mgonjwa mkanda wa plastiki wa kujazwa hewa, mililita 13 au zaidi, kisha twaipunguza polepole kwa bomba la sindano mpaka damu inapotaka kuchuruzika, twarudisha kidogo. Damu ipite mshipani chini ya mkanda, isitoke nje. Ukiukaza tu, mkanda huzuia damu lakini mshipa waweza kuziba moja kwa moja.

Taabu ya mkono kwa watu wetu ni wageni. Huwa ni mkono wa kulia, na Mombasa mgonjwa hatazamwi kimya kimya: wajukuu wanapanga foleni kumbusu babu mkono, majirani wanamshika na kuutikisa kwa furaha. Nimeshawahi kumfunga bibi mmoja kitambaa chekundu mkononi ili watu waogope.

Taabu ya kinena ni sala na choo. Mguu unyooke saa kadhaa, asikae, na akitaka kukohoa abonyeze bandeji kwa mkono. Wazee huniuliza kuhusu sijida. Nawaambia mgonjwa husali kwa kadiri awezavyo, hata kwa kulala, na wao walijua kabla yangu. Choo ndicho hawaulizi, kwa aibu, na vyoo vya kuchuchumaa majumbani ni vingi. Siku hizi nasema mwenyewe, mbele ya mke: siku chache za mwanzo tafuteni choo cha kukalia, hata kwa jirani. Na aspirini na klopidogreli za mwenye stenti, dawa za kuzuia damu isigande humo, zisiachwe kwa sababu ya kuona damu kidogo. Aulizwe daktari kwanza.

Nilianza kusema hivyo baada ya simu moja ya usiku kutoka Majengo. Mume alitoka wadini asubuhi, akachuchumaa jioni, kikoi kikalowa. Nikamwambia mkewe: mlaze chali sakafuni, vidole viwili juu ya tundu, upande wa tumboni, bana kwa nguvu, mtu mwingine akatafute gari sasa hivi. Akaniuliza abane mpaka lini, na saa haioni, taa zimezimika. Nikamwambia asiachie mpaka wafike hospitali, na akitaka cha kuhesabia, asome Yasini. Ikisomwa bila haraka huwa kama robo saa.

Simu haikukatwa. Nikamsikia akianza, sauti yatetemeka, kisha ikatulia. Alipofika katikati nikamsikia mzee:

"Mama Fulani, mbona wanisomea Yasini? Kwani n'shakufa?"

"Nyamaza," akasema, "usinipoteze hesabu."